Kutoka rejista hadi waraka: namna ya kugeuza utafiti wa mienendo kuwa sera ya elimu na ustawi

Data za mienendo ni kumbukumbu za yale ambayo watu wameyafanya kweli: mwanafunzi alifika shule au hakufika, somo la kwenye programu lilifunguliwa saa ngapi, mzazi alijibu ujumbe au aliunyamazia, mwalimu aliingia darasani au alibaki ofisini. Zikiunganishwa na hojaji za ustawi, zinaweza kuonyesha mengi kuhusu shule kuliko ripoti za ukaguzi. Hata hivyo, tafiti nyingi za aina hii huishia kabatini, na mara nyingi si kwa sababu uchambuzi ulikuwa mbovu. Huishia huko kwa sababu hakuna aliyejua tangu mwanzo ni uamuzi gani uliokuwa ukisubiri majibu. Mwongozo huu umeandikwa kwa mtafiti, afisa wa wizara au mfanyakazi wa shirika anayetaka matokeo yake yafike kwenye waraka uliosainiwa na wenye fungu la fedha.

Tafuta uamuzi kabla ya kutafuta data

Kabla hujaomba hata faili moja, kaa na mtu mwenye mamlaka ya kusaini, mjaze pamoja sentensi hii: “Ifikapo tarehe fulani, mwenye cheo fulani ataamua kama jambo fulani lifanyike kwa kundi fulani, kwa fedha za fungu fulani.” Kama kuna nafasi moja imebaki wazi, bado hamna swali la sera. Mna swali la utafiti, ambalo ni halali kabisa, ila lina njia yake na halihitaji kupita wizarani.

Halafu mwulize swali ambalo watu wengi huliogopa: matokeo yakiwa ya ukubwa gani utakubali, na yakiwa madogo kiasi gani utakataa? Jibu liandikwe na liwekewe tarehe. Lisipoandikwa mapema, matokeo yakitoka kila upande utapata sababu ya kuendelea na msimamo wake wa zamani. Kwa upande wa alama za mitihani, kipimo kinachotumika sana ni kile alichopendekeza mtafiti wa elimu Matthew Kraft mwaka 2020: athari iliyo chini ya 0.05 ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani) ni ndogo, kati ya 0.05 na 0.20 ni ya wastani, na kuanzia 0.20 ni kubwa. Afisa anayedai 0.5 kutoka kwenye mpango wa bei nafuu anaomba muujiza, na ni heri ajue hivyo sasa kuliko baadaye.

Kalenda ihesabiwe kurudi nyuma. Tuseme makadirio ya bajeti hufungwa mwanzoni mwa mwezi wa 3. Muhtasari unatakiwa mezani wiki 4 kabla ya hapo. Uchambuzi utachukua wiki 6, usafishaji wa data wiki 8. Hizo ni wiki 18, kwa hiyo data za mwisho lazima ziwe zimeingia kufikia mwishoni mwa mwezi wa 10. Ndiyo, usafishaji umepewa muda mrefu kuliko uchambuzi, na hata hivyo ndiyo hatua inayochelewa zaidi. Matokeo yakikosa dirisha hilo husubiri mwaka mzima, na ndani ya mwaka mzima afisa uliyezungumza naye anaweza kuwa amehamishwa.

Rejista imejazwa na nani, na saa ngapi?

Rejista ya mahudhurio inaonekana data rahisi kuliko zote: alama moja kwa mtoto kwa siku. Ni hapo hapo watu wengi hunaswa. Mwalimu mwenye darasa kubwa huenda hajazi rejista saa 2 asubuhi. Huijaza Ijumaa mchana, wiki nzima kwa mkupuo mmoja, kwa kumbukumbu ya kichwani. Dalili zake hujitokeza ukizitafuta. Safu za Jumatatu hadi Ijumaa zinafanana kupita kiasi. Jumla ya waliohudhuria huishia kwenye 0 au 5 mara nyingi kuliko inavyotarajiwa. Mwanafunzi aliyehama bado “yupo” wiki tatu baadaye. Kwenye mfumo wa kidijitali, angalia muhuri wa muda: alama za siku tano zilizoingizwa ndani ya dakika mbili zinajieleza zenyewe.

Dawa ni ya kizamani lakini inafanya kazi. Chagua kwa bahati nasibu shule 1 katika kila 10, zitembelewe bila taarifa, vichwa vihesabiwe darasani, kisha hesabu ilinganishwe na rejista ya siku hiyo hiyo. Kama rejista inazidisha kwa kiasi kilekile kila mahali, bado unaweza kuitumia kupima tofauti. Kama inazidisha zaidi kwenye shule zilizo ndani ya mpango wako, kwa kuwa walimu wanajua wanaangaliwa, basi kila athari utakayoiona ina shaka na hakuna fomula ya takwimu itakayoiokoa.

Kumbukumbu za programu za kujifunzia zina mitego yake. Kufungua somo si kujifunza. Simu moja hutumiwa na watoto watatu wa nyumba moja kwa akaunti moja, na mfumo unamwona “mwanafunzi” mwenye bidii ya ajabu. Mbaya zaidi ni data zinazokosekana: mtoto asiye na umeme wala mtandao haonekani kabisa, na mara nyingi sera inamlenga yeye. Kwa hiyo jedwali la kwanza kwenye ripoti yako liwe la wasioonekana. Chukua orodha kamili ya wanafunzi waliosajiliwa, toa waliomo kwenye data, kisha onyesha waliobaki kwa jinsi, darasa, eneo na aina ya shule. Kama pengo linazidi robo katika kundi lolote, sema wazi kwamba matokeo hayalihusu kundi hilo.

Kupima ustawi bila kuumiza

Usijitungie hojaji kama kuna iliyokwisha kupimwa. WHO-5, hojaji fupi ya ustawi ya Shirika la Afya Duniani, ina sentensi 5 kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila moja hupewa 0 hadi 5, na jumla huzidishwa kwa 4 ili ipatikane alama kati ya 0 na 100. SDQ, hojaji ya uwezo na matatizo ya mtoto, ina vipengele 25, na watoto wa miaka 11 hadi 17 wanaweza kuijaza wenyewe. Hata chombo kizuri lazima kijaribiwe kwa watu wako. Keti na watoto 8 hadi 12, mmoja mmoja, kila mmoja akueleze kwa maneno yake swali linauliza nini. Wawili watatu wakikupa maana tofauti, swali hilo lirekebishwe kabla ya kwenda kwenye shule mia.

Swali lolote linaloweza kumfanya mtoto aseme kwamba anajidhuru au anadhuriwa lisiulizwe mpaka kuwe na njia ya msaada siku hiyo hiyo: nani anapigiwa, ndani ya saa ngapi, mtoto anakabidhiwa kwa nani, nani anabaki naye hadi hapo. Hii inalazimisha uamuzi kuhusu majina. Hojaji isiyo na jina huleta majibu ya kweli zaidi, lakini huwezi kumfikia aliyeomba msaada. Hojaji yenye jina inakupa uwezo wa kusaidia, lakini wengine watajificha. Kwa kupima hali ya shule kwa ujumla, tumia isiyo na jina. Kwa kutambua mtoto mmoja mmoja, tumia yenye jina, na uwe na mshauri nasaha anayesubiri. Kuchanganya mambo haya mawili, yaani kuwaahidi watoto usiri na huku namba ya siri inaweza kurudishwa kwenye jina, ni kuvunja ridhaa yao.

Kuna hesabu moja ambayo kila mtu anayependekeza upimaji wa shule nzima anapaswa kuifanya hadharani. Tuseme wanafunzi ni 1,000 na 100 kati yao wana tatizo kweli. Chombo kinawakamata 80 kati ya kila 100 wenye tatizo, na kinawaacha salama 90 kati ya kila 100 wasio nalo. Matokeo: watoto 80 wamekamatwa sawasawa, na wengine 90 kati ya wale 900 wameitwa bure. Orodha ina majina 170, na zaidi ya nusu si wahusika. Kama mshauri anaweza kuwaona watoto 10 kwa wiki, wa mwisho atafikiwa wiki ya 17. Sera ya “kila mwanafunzi apimwe” ikiandikwa bila hesabu hii, tunaifahamu mwisho wake: foleni ndefu, na wazazi wenye hasira.

Kinachoenda pamoja si lazima kiwe sababu

Watoto wanaotumia simu sana wana furaha kidogo. Kwa hiyo tupige marufuku simu. Hoja hii inauzika kwa urahisi mno. Watafiti Amy Orben na Andrew Przybylski walipochambua mwaka 2019 data za vijana 355,358 kwa kujaribu maelfu ya njia halali za kuchambua badala ya kuchagua moja, waliona kwamba matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza asilimia 0.4 tu, kwa kiwango cha juu, ya tofauti za ustawi. Hilo halithibitishi kwamba simu hazina madhara kwa mtoto yeyote. Linaonyesha kwamba mchambuzi akiruhusiwa kuchagua vipimo apendavyo, anaweza kukuletea karibu jibu lolote. Njia ya kujikinga ni kuandika mpango wa uchambuzi mapema, na kwa maswali yenye ubishi, kuonyesha matokeo ya njia zote za busara kwa pamoja.

Mtego wa pili ni wa kimya zaidi. Ukichagua wanafunzi waliokosa siku nyingi kuliko wote muhula wa kwanza ukawapa programu, muhula wa pili wataonekana wameimarika. Wengi wao wangeimarika hata bila wewe: wengine walikuwa wamelazwa, wengine walikuwa na msiba, na hali hizo hupita. Bila kundi linganishi, yaani wasiopewa programu lakini waliochaguliwa kwa kigezo kilekile, utajisifia kazi iliyofanywa na kalenda.

Mtego wa tatu ni kudhani kwamba kutabiri ni sawa na kusaidia. Jimbo la Wisconsin, Marekani, limekuwa likitumia tangu mwongo uliopita mfumo wa kutabiri ni wanafunzi gani wako hatarini kutomaliza shule. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kuwa mfumo unawapanga wanafunzi kwa usahihi mkubwa kulingana na hatari, lakini haukupata ushahidi imara kwamba umeongeza idadi ya wanaohitimu. Zaidi ya hapo, taarifa za shule na mazingira zilitosha kuwatambua wengi bila data nyingi za mtoto mwenyewe. Kama shule nzima ina tatizo, kanuni ya kumwekea kila mtoto rangi nyekundu au kijani ni gharama bila faida. Ipe shule walimu.

Jaribio lenye nguvu ya kutosha

Pale inapowezekana, jaribu kwa bahati nasibu: shule nyingine zipate, nyingine zisubiri. Gawa kwa shule nzima, maana ndani ya darasa moja ujumbe, kitabu na hata umbea huvuka kutoka kwa aliyepewa kwenda kwa asiyepewa.

Hapa ndipo ukubwa wa sampuli unapowadanganya watu. Wanafunzi wa darasa moja wanafanana: mwalimu mmoja, mtaa mmoja, uji wa asubuhi mmoja. Kwa hiyo wanafunzi 40 wa darasa moja hawana uzito wa wanafunzi 40 waliotoka mahali mbalimbali. Fomula ya kurekebisha hilo ni fupi: 1 + (idadi kwa kundi − 1) × kiwango cha kufanana. Kwa alama za mitihani, kiwango cha 0.15 ni cha kawaida. Ukiwa na shule 60 na darasa moja la watoto 40 kwa kila shule, unapata 1 + 39 × 0.15 = 6.85. Gawa kwa namba hiyo: wanafunzi wako 2,400 wana nguvu ya kama 350 hivi. Ukiwachukua 2,400 hao hao kutoka shule 10 tu, watoto 240 kila moja, wanabaki na nguvu ya 65. Fedha ikiwa ya kuongeza kitu kimoja, ongeza shule, usiongeze watoto kwa shule.

Shule hizo 60 zikigawanywa nusu kwa nusu, jaribio litaweza kuona athari ya takriban 0.30 ya mkengeuko sanifu na kuendelea. Linganisha na kipimo cha Kraft hapo juu: hata athari inayoitwa kubwa, ya 0.20, inaweza kukupita bila kuonekana. Ukiwa na alama za mtihani za mwanzo zinazoeleza nusu ya tofauti za alama za mwisho, kizingiti kinashuka hadi karibu 0.21. Kwa hiyo kipimo cha awali, ambacho hukatwa kwanza bajeti inapobana, ndicho kitu cha mwisho cha kukatwa. Kwa ustawi, watoto wa shule moja kwa kawaida hawafanani sana kama katika alama, hivyo hesabu inakuwa na huruma kidogo.

Jiandae pia kupokea jibu la “hapana”. Jaribio la MYRIAD la Uingereza, lililotoa matokeo mwaka 2022 baada ya kuhusisha shule 84 na wanafunzi zaidi ya 8,000, lilipima mafunzo ya utulivu wa akili darasani. Halikuona kwamba yanazidi yale ambayo shule zilikuwa zikifanya tayari. Hayo ni matokeo ya thamani kubwa, kwani saa za ratiba ambazo zingetengwa nchi nzima zinaweza kwenda kwenye jambo lingine.

Kilichofaulu shule 20 hakijafaulu nchini

Watafiti Stefano DellaVigna na Elizabeth Linos walilinganisha mwaka 2022 majaribio ya kubadili mienendo yaliyochapishwa kwenye majarida ya kitaaluma na majaribio 126 ya ofisi mbili zinazoifanyia serikali majaribio ya namna hiyo nchini Marekani, yaliyogusa watu milioni 23. Yale ya majarida yaliongeza tabia iliyolengwa kwa pointi za asilimia 8.7 kwa wastani. Yale ya ofisi, 1.4. Sehemu kubwa ya pengo inatokana na majarida kupenda kuchapisha matokeo makubwa. Ukiandika makadirio ya bajeti, anza na namba ndogo. Pointi 1.4 kwa barua isiyogharimu kitu ni mali. Kwa mpango wa gharama kubwa ni hasara.

Pengo lingine hutoka kwa mtekelezaji. Nchini Kenya, jaribio la kuajiri walimu wa mkataba liliinua alama za wanafunzi pale shirika lisilo la kiserikali lilipoendesha mpango, na halikuinua kitu pale serikali ilipoendesha mpango uleule. Mishahara iliyochelewa na usimamizi uliolegea ni miongoni mwa sababu zilizotajwa. California nako, mwaka 1996, walipunguza ukubwa wa madarasa jimbo zima kwa kutiwa moyo na jaribio la Tennessee la miaka ya 1985 hadi 1989. Jaribio lilikuwa zuri, lakini jimbo zima lilihitaji maelfu ya walimu kwa mara moja, na wengi walioajiriwa hawakuwa na sifa kamili. Jiulize mapema: ni rasilimali gani iliyokuwa ya kutosha kwenye shule 20 na itakayoadimika kwenye shule 5,000?

Ushauri wetu ni jaribio la pili, likiendeshwa kabisa na watumishi wa kawaida, kwa fedha zinazopita mkondo wa kawaida, na wewe ukiwa umekaa kando. Inauma kuwaangalia wakikosea. Makosa hayo ndiyo data unayoitafuta.

Andika kifungu, usiandike matumaini

Sera nyingi hufia kwenye sentensi kama hii: “Shule zihimizwe kuimarisha ushirikiano na wazazi kuhusu mahudhurio.” Haina mtendaji, haina siku, na hakuna atakayejua kama imefanyika. Huko Philadelphia, Marekani, utafiti wa Todd Rogers na Avi Feller uliochapishwa mwaka 2018, wenye kaya 28,080, ulipunguza utoro sugu kwa asilimia 10 au zaidi kwa barua za posta zilizomwonyesha mzazi jumla ya siku alizokosa mtoto wake, kwa gharama ya kama dola 6 kwa kila siku ya shule iliyookolewa. Kulinganisha mtoto na wenzake kwenye barua hakukuongeza kitu. Kifungu kinachobeba utafiti wa namna hiyo kinafanana na hiki:

“Mwalimu wa darasa atamjulisha mzazi au mlezi wa mwanafunzi aliyekosa siku 3 ndani ya wiki 2, kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata, kwa ujumbe ulio katika Kiambatisho A. Ujumbe utataja jumla ya siku alizokosa mwanafunzi tangu muhula uanze na hautamlinganisha na mwanafunzi mwingine. Taarifa hiyo haitatumika kama msingi wa adhabu. Mwalimu mkuu atakagua ujumbe 5 kila mwezi na kuweka saini. Kifungu hiki kitakoma baada ya miezi 24 isipokuwa kimehuishwa kwa tathmini.”

Soma kila sentensi ukiuliza nani, nini, lini, kwa chombo gani, na ikikosekana nani atajua. Sentensi ya adhabu haikuwekwa kwa hisani: bila hiyo, shule itachukua ujumbe huo kama kibali cha kumrudisha mtoto nyumbani hadi mzazi aje, na sera ya kupunguza utoro itazalisha utoro.

Kisha hesabu dakika. Ujumbe 6 kwa wiki, dakika 3 kila mmoja, ni dakika 18 za mwalimu ambaye hana dakika za ziada. Ukiongeza fomu moja, ondoa moja, na waraka uitaje kwa jina ile inayoondolewa. Kiambatisho nacho kiwe na maneno kamili ya ujumbe, tayari kutumwa. Kila kinachoachwa “kwa hiari ya shule” kitageuka kitu kingine kwenye shule ya tatu.

Muhtasari wa kurasa mbili

Msomaji wako atasoma aya ya kwanza akiwa anatembea kuelekea kikaoni. Iwe na uamuzi unaoombwa, gharama kwa mwaka, na faida kwa watu wanaohesabika. Chini yake weka jedwali la machaguo matatu, na moja lazima liwe “tusifanye lolote”, likiwa na gharama yake. Mkengeuko sanifu usionekane kabisa. Badala ya “athari ya 0.20”, andika kwamba mwanafunzi wa katikati kabisa, aliyekuwa nafasi ya 50 kati ya 100 kutoka chini, angefika nafasi ya 58. Toa masafa, siyo namba moja: “kati ya siku 1 na siku 3 kwa mwanafunzi kwa mwaka” inastahimili maswali ya kikaoni kuliko “siku 2.1”. Mambo msiyoyapima yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza. Yakifichwa ukurasa wa 40, mpinzani wenu atayafukua na kuyasoma kwa sauti.

Majina, namba ndogo, na mtu mmoja mmoja

Kuondoa majina hakutoshi. Mtafiti wa faragha ya data Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba msimbo wa posta, tarehe ya kuzaliwa na jinsi vinatosha kuwatofautisha asilimia 87 ya wakazi wa Marekani. Kwenye jedwali la kuchapishwa, ficha kila seli yenye watoto chini ya 10, kisha ufiche na seli nyingine moja kwenye safu na mstari huo huo. Ukisahau hilo la pili, mtu mwenye kikokotoo atatoa seli zinazoonekana kutoka kwenye jumla na kuipata iliyofichwa. Tarehe ya kuzaliwa igeuzwe mwaka, kijiji kigeuzwe wilaya, na ufunguo wa kurudisha namba kwenye majina ukae kwa mtu asiyechambua data.

Utabiri wa kundi usitumike kumhukumu mtu. Uingereza ilipofuta mitihani mwaka 2020, kanuni ya kompyuta iliyozingatia historia ya shule ilishusha karibu asilimia 39 ya alama za A-level ambazo walimu walikuwa wamekadiria. Tarehe 17 Agosti mwaka huo, siku chache baada ya matokeo, ikaachwa. Kwa wastani wa taifa kanuni ilikuwa na mantiki yake. Kwa mwanafunzi bora wa shule dhaifu ilikuwa dhuluma, na njia ya rufaa haikuwa tayari. Sera yoyote inayompa mtoto alama ya hatari iwe na mtu anayeitwa kwa cheo anayeweza kuifuta, na muda usiozidi wiki mbili wa kujibu malalamiko.

Baada ya saini

Usitekeleze kila mahali siku moja. Panga wilaya kwa kura katika mafungu matatu, fungu moja kila muhula. Wanaosubiri ndio kundi lenu linganishi, na hakuna anayenyimwa moja kwa moja. Wilaya zenye sauti kubwa zitaomba kuwa za kwanza. Kura ipigwe mbele yao.

Chunga kiashiria kisigeuke bidhaa. Fedha au vyeo vikifungwa kwenye mahudhurio, rejista itapanda hata kama viti ni vitupu. Atlanta, Marekani, shinikizo la alama za mitihani lilifika mahali ambapo uchunguzi wa jimbo mwaka 2011 ulikuta udanganyifu kwenye shule 44 kati ya 56 zilizochunguzwa, ukihusisha watumishi 178. Kwa hiyo baki na kipimo cha pili kisicholipiwa wala kutangazwa, kama zile ziara za kuhesabu vichwa, na uangalie kama vipimo viwili vinaachana. Vikianza kuachana mwezi wa tatu au wa nne, punguza uzito wa malipo kabla ya kuwalaumu walimu.

Hatimaye andaa faili la makabidhiano, kwa sababu watu huhama. Liwe na ile sentensi ya uamuzi ya siku ya kwanza, kizingiti kilichokubaliwa na tarehe yake, kamusi ya data inayoeleza kila safu ilijazwa na nani na lini, msimbo wa uchambuzi unaoendeshwa kwa amri moja, kiambatisho cha ujumbe, orodha ya wilaya kwa mafungu, na tarehe ambayo data zenye utambulisho zitafutwa pamoja na cheo cha atakayezifuta. Mpe mtu ambaye hakuwahi kushiriki, umwache nalo siku mbili bila kumsaidia. Maswali atakayorudi nayo yaandikiwe majibu humo humo ndani ya faili.